Naomba ushauri: nyanya zinanyauka msimu wa pili mfululizo ndani ya kitalu nyumba, nisafishe vipi udongo? (Iringa)

BintiKalenga, 6 Septemba

Kamwene, na shikamooni wakubwa zangu wote mliomo humu.

Ninalima nyanya ndani ya kitalu nyumba chenye upana wa mita 8 na urefu wa mita 24, hapa Kalenga, Iringa Vijijini. Maji ninayapampu kutoka kwenye mfereji unaopita chini ya mashamba ya majirani. Msimu wa kwanza nilivuna vizuri hadi nikamaliza mkopo wa kikundi. Msimu wa pili mimea kama 40 ilinyauka upande wa chini, karibu na mlango wa nyuma, nikadhani ni ukosefu wa maji kwa sababu mabomba ya matone ya upande ule huziba mara kwa mara. Msimu huu nilipanda miche 480, na hadi juzi nilikuwa nimekwisha kung'oa 170, mingi ikiwa imebeba matunda mabichi ya kujaza kiganja. Mmea unaonekana mzima asubuhi, ikifika saa saba mchana unalegea kama umemwagiwa maji ya moto, jioni unajaribu kujiinua, na baada ya siku tatu hauinuki tena, ilhali majani yake bado ni ya kijani.

Nimepewa ushauri wa aina tatu. Muuzaji mmoja wa pembejeo amenitaka nimwage fomalini kwenye udongo wote, kisha nifunge kitalu kwa wiki mbili. Jirani anasema nitandaze maranda na pumba juu ya udongo nichome moto. Mwingine anasema jiki, lita tano kwa kila tuta. Ninaomba mwenye uzoefu anieleze ipi inafanya kazi na kwa nini, maana sina tena fedha ya kubahatisha. Mimea iliyobaki nitaing'oa mwisho wa mwezi huu, na sitarajii kupanda tena kabla ya Desemba.

MstaafuUgani, 6 Septemba

Marahaba, binti yangu, na pole sana kwa hasara.

Hiyo fomalini iache dukani. Ni gesi iliyoyeyushwa ndani ya maji, na ukiimwaga ndani ya nyumba iliyofungwa itakuumiza macho na mapafu kabla haijamfikia mdudu yeyote. Isitoshe, tangu mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka katika kundi la vitu ambavyo imethibitika kwamba husababisha saratani kwa binadamu. Nimeshuhudia vijana wakiimwaga kwenye vitalu vya miche bila hata kitambaa usoni, na hadi leo jambo hilo linanisumbua moyoni.

Kabla ya kuzungumza habari ya kusafisha udongo, tujue kwanza tunasafisha nini, kwa sababu unyaufu una baba zaidi ya mmoja. Chukua mmea ulioanza kulegea leo, usichukue uliokwisha kufa. Kata kipande cha shina kutoka karibu na udongo, urefu wa vidole vinne, ukining'inize kwenye glasi ya maji safi kwa uzi au kibanio, ncha ya chini ikiwa ndani ya maji, kisha usiitikise glasi. Kama ni mnyauko bakteria, baada ya dakika chache utaona nyuzi nyembamba nyeupe kama maziwa zikishuka kutoka kwenye shina hadi chini ya glasi. Kama ni mnyauko fuzari, ambao ni ukungu, maji yatabaki safi, na kwa kawaida majani huanza kuwa ya njano kwanza, mara nyingi upande mmoja wa mmea.

Jambo la pili ni mizizi. Usiung'oe mmea kwa kuvuta, kwa sababu mizizi yenye ushahidi hukatikia ardhini. Uchimbue kwa chepe, uoshe taratibu kwenye ndoo, kisha utazame kama mizizi ina uvimbe uvimbe. Hayo mafundo ya minyoo fundo, yaani vijinyoo vya udongoni vinavyoingia kwenye mizizi, hayabanduki ukiyasugua, kwani ni mzizi wenyewe uliovimba. Hayafanani na vile vifundo vya maharage ambavyo hudondoka kwa ukucha. Fanya hivyo kwa mimea mitano au sita kutoka sehemu mbalimbali za kitalu, si ya upande mmoja tu, halafu utuletee majibu hapa.

KilimoIlula, 7 Septemba

Dada, naongezea kwa upande wa moto na jiki, kwa sababu yote mawili nimeyajaribu kwa mkono wangu.

Moto uliowashwa juu ya udongo hupeleka joto lake juu. Nilichoma maranda unene wa goti mzima, nikachimba siku hiyo hiyo, na sentimita kumi chini udongo ulikuwa wa baridi kabisa. Nilichopata ni majivu mengi na mfuko wa paa uliotoboka kwa cheche. Jiki nayo ina nguvu ndani ya maji safi, lakini ikikutana na udongo wenye samadi klorini yake huishia kupambana na mboji, na vijidudu husalia salama. Ukitaka kuitumia, itumie kuoshea mikasi, trei za miche na kamba za kufungia, baada ya kuviondoa udongo kwanza.

BintiKalenga, 9 Septemba

Nawashukuru sana. Nimefanya kama mzee alivyoelekeza, kwa mimea sita.

Mitatu niliitoa upande wa chini, karibu na mlango wa nyuma. Yote mitatu ilitoa nyuzi. Sikutarajia kuziona waziwazi namna ile. Mwanangu ndiye aliyeziona kwanza, akasema shina linavuta moshi ndani ya maji. Mitatu ya katikati na ya upande wa juu maji yalibaki safi, lakini miwili kati yake ina mizizi yenye mafundo kama karanga changa, na mzizi mmoja umevimba hadi unafanana na tangawizi.

Kwa hiyo ninayo yote mawili ndani ya nyumba moja. Je, dawa yake ni moja?

MstaafuUgani, 9 Septemba

Si moja, na ni vyema umegundua kabla hujatumia fedha. Nitaanza na minyoo fundo, kwa kuwa hao ndio tunaowamudu.

Tumia jua. Njia hii iliandikwa kisayansi na Jaakov Katan na wenzake nchini Israeli mwaka 1976, na imetumika sehemu nyingi zenye jua kali. Unatandaza nailoni inayopitisha mwanga juu ya udongo uliolowa na kuiacha kwa wiki nne hadi sita. Uzuri wake ni kwamba si lazima udongo uchemke. Katika joto la nyuzi 37 ukungu mwingi wa udongoni huhitaji wiki mbili hadi nne ili sehemu yake kubwa ife, lakini ukifika nyuzi 47 saa chache zinatosha. Joto la kila mchana linajumlishwa na la jana yake, ndiyo maana subira ya wiki sita ina faida kuliko siku mbili tatu za jua kali sana.

Iringa tuna mwinuko wa zaidi ya mita 1,500 na usiku wetu ni wa baridi, kwa hiyo uwanjani njia hii husuasua. Ndani ya kitalu nyumba hali ni tofauti, kwa sababu ukifunga milango na madirisha, paa linakuwa nailoni ya pili na hewa iliyo katikati inatunza joto. Wakati nao unakufaa: katikati ya Oktoba jua hupita utosini kabisa kwa latitudo yetu na mvua bado hazijaanza. Ukitandaza tarehe 1 Oktoba, unafunua katikati ya Novemba.

Utendaji wake ni huu. Ng'oa mimea yote pamoja na mizizi, uitoe nje ukaichome, usiitupe kwenye shimo la mboji. Changanya samadi iliyoiva sasa, kabla ya kufunika, kwani ukiileta baadaye unaweza kuleta wageni wapya kwenye nyumba uliyokwisha kuifagia. Tifua sentimita 30, vunja mabonge, sawazisha udongo hadi nailoni ilale bila kuacha mifuko ya hewa, kisha urudishe mabomba ya matone na umwagilie mpaka unyevu ushuke hadi sentimita 30. Udongo mkavu haupitishi joto kwenda chini, na mayai ya minyoo na mbegu za ukungu zilizolala ndani yake huvumilia joto kuliko zikiwa katika unyevu. Ndipo ufunike, na kingo zote uzifukie kwenye mfereji wa sentimita 15 au 20. Hifadhi yako ya mbolea na viuatilifu iondoe ndani, maana patakuwa tanuri.

Mwakaleli_Juu, 10 Septemba

Mzee amesema vizuri, ila wasomaji wa huku Rungwe wasikimbilie kununua nailoni. Sisi mwaka una mvua na ukungu mwingi, na jua la kutegemea kwa wiki sita mfululizo ni nadra. Sisi tunatumia mvuke kwa udongo wa miche, nami nitaeleza kwa kuwa huenda dada akauhitaji.

Tunachukua pipa la lita 200, tunaweka maji chini kama kimo cha kiganja na nusu, juu yake bati lililotobolewa na kuinuliwa kwa mawe, kisha udongo wenye unyevunyevu, usiolowa chepechepe wala kushindiliwa. Juu tunafunika gunia la katani lililoloweshwa na bati. Moto ni wa matawi ya milingoti. Katikati kabisa ya udongo tunazika kiazi mviringo kimoja cha ukubwa wa yai. Kiazi kikiiva, tunajua joto limefika katikati, na kuanzia hapo tunapunguza moto na kuacha nusu saa. Mwenye kipimajoto alenge nyuzi 70 hadi 80 kwa nusu saa, na asipite 85. Udongo uliopikwa kupita kiasi huachia manganizi na amonia nyingi, na miche huungua mizizi. Mwaka wa kwanza nilipoteza trei nane kwa kosa hilo hilo, huku nikidhani kwamba nikipika zaidi ndiyo nitakuwa salama zaidi. Baada ya kuupika tunauacha ukiwa umefunikwa kwa nailoni safi kwa wiki mbili ndipo tunasia.

BintiKalenga, 10 Septemba

Ndugu wa Mwakaleli, ndaga fijo. Je, siwezi kupika udongo wote wa kitalu kwa njia hiyo nikamaliza kazi mara moja?

Na swali kwa mzee: madukani hapa nimeona nailoni nyeusi ya kutandazia matuta kwa bei nafuu. Itafaa?

MbogaUyole, 11 Septemba

Dada, tufanye hesabu pamoja. Eneo lako ni mita 8 kwa 24, yaani mita za mraba 192. Ukipika kina cha sentimita 30 tu, ni mita za ujazo 57.6, ambazo ni lita 57,600 za udongo. Pipa moja linabeba lita kama 150 ukiacha nafasi ya maji na mvuke. Utapika mara 384. Hizo kuni huna, na ungezipata bado ingekuwa dhambi kuzimalizia hapo.

Lakini hesabu inageuka ukiangalia theluthi ya chini peke yake, kule glasi ilikokuonyesha nyuzi. Pale mimea ni kama 160. Ukiipanda kwenye viroba vya lita 15 badala ya ardhini, unahitaji lita 2,400, na hizo ni mapipa 16. Mapipa mawili kwa siku, siku nane umemaliza.

Nasema viroba kwa sababu bakteria wa mnyauko, waitwao Ralstonia, hukaa ndani zaidi kuliko joto la jua linavyofika. Nailoni itawapunguza katika tabaka la juu, kisha mizizi ya nyanya itashuka iwafuate walioko chini, au maji yatawapandisha. Nimeona watu wakifunika, wakapata msimu mmoja mzuri, wakatangaza wamepona, na msimu uliofuata wakalia. Kwa minyoo jua linatosha kukupa mavuno, kwa bakteria hawa ni kinga ya nusu tu. Udongo wa viroba uchukue mahali ambapo hapajawahi kulimwa nyanya, hoho, bilinganya, viazi mviringo wala tumbaku. Mimi huchukua penye nyasi au penye mahindi ya miaka mingi, nikachanganya na samadi iliyoiva na pumba za mpunga za Usangu zilizochomwa nusu. Viroba usiviweke juu ya udongo mtupu, kwa sababu mizizi itatokea kwenye matundu na kuingia ardhini ndani ya mwezi. Tandika nailoni nzito chini yake, iwe na mteremko wa kutoa maji nje ya kitalu.

Iko njia nyingine ya kubebesha miche, yaani kuunga nyanya juu ya shina la bilinganya lenye ukinzani wa mnyauko bakteria, na inafanya kazi vizuri. Inahitaji mkono uliozoea na chumba cha unyevu, hivyo ningekushauri uanze na miche 20 ya kujifunzia, msimu wako usiutegemeze hapo.

Kuhusu gesi, wapo wakongwe watakaokumbuka methili bromaidi ya mashamba makubwa. Ile ilifungiwa chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 kwa kuwa inaharibu tabaka la ozoni, na kwa nchi zinazoendelea mwisho wake katika kilimo cha kawaida ulikuwa mwaka 2015. Anayekuuzia chupa akisema ndiyo hiyo, ondoka. Dawa nyingine za kufukiza udongo zinataka vifaa na mafunzo, na usinunue yoyote ambayo haimo katika orodha ya viuatilifu vilivyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA.

MstaafuUgani, 11 Septemba

Nailoni nyeusi hapana, binti. Nyeusi inameza jua yenyewe, inapata joto yenyewe, na udongo chini yake unabaki vuguvugu. Ile inayoona ng'ambo inapitisha mwanga hadi kwenye udongo, na matone yanayoganda upande wa ndani yanazuia joto lisitoke. Nunua nyepesi, kwani nzito haina faida hapa, ila ishike kwa uangalifu, na tundu lolote lizibe kwa utepe siku hiyo hiyo. Tandaza ukuta hadi ukuta, usifunike tuta moja moja, maana kwenye kingo joto huwa pungufu na ukifunika kwa vipande vyembamba utakuwa na kingo nyingi kuliko kitovu.

Faida nyingine ambayo watu huisahau ni juu ya kantangaze, yule nondo mharibifu wa nyanya. Kiwavi wake mara nyingi hushuka kugeuka pupa udongoni, na pupa hao nao huungua humo humo.

KilimoIlula, 12 Septemba

Wazee wangu, tumeongea sana habari ya udongo, na mimi naomba turudi kwenye sentensi moja ya dada aliyoiandika mwanzo: maji anayapampu kutoka kwenye mfereji unaopita chini ya mashamba ya majirani. Dada, majirani hao wanalima nini?

BintiKalenga, 12 Septemba

Wawili wanalima mahindi na maharage. Wa juu kabisa analima viazi mviringo, na mwaka jana alilalamika kwamba viazi vyake vilikuwa vinatoa usaha mweupe kwenye macho.

KilimoIlula, 12 Septemba

Basi mlango wa ugonjwa tumeupata. Usaha ule ni bakteria yule yule, na maji yakipita kwenye viazi vile yanashuka naye hadi kwenye pampu yako. Ukiusafisha udongo kwa jua, mvuke au maombi, kisha ukafungulia mfereji huo, ndani ya miezi miwili utakuwa ulipoanzia. Kabla ya nailoni tafuta maji mengine: kisima, au maji ya mvua kutoka kwenye paa la kitalu. Mita za mraba 192 za paa hukupa karibu lita 190 kwa kila milimita moja ya mvua, na mvua zinaanza muda mfupi baada ya wewe kufunua. Ikibidi kutumia mfereji, yaache maji yatulie kwenye simtanki, uyachuje, ndipo uyatie klorini kwa kipimo, kwani hapo ndipo inafanya kazi.

Na jambo la pili ni mnavu. Najua kando ya kitalu upo, na wengi wetu tunauacha kwa sababu ni mboga ya jioni. Ni ndugu wa nyanya, na unaweza kumtunza bakteria huyu bila kunyauka. Ung'oe wote ndani na mita kadhaa nje, ukalimie mboga hiyo mbali. Mlangoni weka viatu vya ndani visivyotoka nje, na jembe la kitalu lisiazimwe.

BintiKalenga, 17 Novemba

Wapendwa, narudi kutoa taarifa kama nilivyoahidi.

Nilifunika tarehe 2 Oktoba na nimefunua leo. Shule ya jirani iliniazima kipimajoto, nami nilikuwa nikipima kila Jumamosi saa tisa alasiri kwa kukipitisha kwenye tundu dogo ambalo nililiziba kila nilipomaliza. Katikati ya kitalu, sentimita 10 chini, nilipata kati ya nyuzi 44 na 48. Sentimita 25 chini haikuwahi kuzidi 37. Karibu na ukuta, hatua moja kutoka ukingoni, kina kile kile cha sentimita 10 kilinipa 36 tu. Leo nilipovuta nailoni, katikati hapakuwa na jani hata moja la gugu, udongo una harufu ya mvua ya kwanza, lakini kuzunguka ukuta wote kuna ukanda wa upana kama wa mkono mmoja ambao nyasi zimechipua, na ndani yake nimeng'oa miche miwili ya mnavu.

Mapipa 16 nimepika, viroba 160 viko juu ya nailoni. Kisima tumechimba na majirani wawili, na yule wa viazi amejiunga nasi baada ya kumwonyesha glasi. Swali langu la mwisho: je, nitifue tena kabla ya kupanda, na ule ukanda wa ukutani niufanye nini?

MstaafuUgani, 17 Novemba

Usitifue, binti yangu. Chini ya sentimita 20 bado kuna walio hai, na jembe litawapandisha juu. Chimba shimo la mche tu, tia kiganja cha mboji iliyoiva yenye trikoderma, ule ukungu rafiki, ili mizizi ianze ikiwa na walinzi. Udongo uliosafishwa ukiachwa mtupu humilikiwa na yeyote anayefika wa kwanza.

Ukanda wa ukutani usipande nyanya. Weka vitunguu msimu huu, na njia ya kupita mfanyakazi uipange upande mwingine ili viatu visitoe udongo pale kuuleta katikati. Mwezi Februari, mmea wa kwanza ukilegea, popote ulipo, utie kwenye glasi siku hiyo hiyo, uniandikie hapa.